Amana ya Fedha za Umma Wakati wa Tauni



Maradhi ya kuambukiza yanapoingia katika nchi huja na mitihani miwili. Wa kwanza ni wa mwili, nao huwapata wagonjwa. Wa pili ni wa moyo, nao huwapata wale waliokabidhiwa fedha za kuwasaidia wagonjwa na wenye njaa. Mtihani wa kwanza husemwa sana, na wa pili husahauliwa, hali ya kuwa mtu aweza kuokoka na maradhi kisha akaangamia kwa njaa, kwa sababu tu jina lake halikuandikwa.

Huenda wewe ni diwani, au mtunza hazina, au mjumbe wa kamati ya kijiji. Na kama si leo, huenda kesho ukawa. Kwa hiyo yafaa tujifunze jinsi Uislamu unavyoelekeza kugawa fedha za namna hii.

Msingi katika Kurani Tukufu

Aya tunazozitaja hapa zimehesabiwa kwa kuifanya Bismillahi kuwa aya ya kwanza ya Sura. Sura An-Nisaa, aya ya 59, yaamuru kwamba amana wapewe wanaostahili, na kwamba wanaohukumu baina ya watu wahukumu kwa uadilifu. Sura Al-Hashr, aya ya 8, yaeleza hekima ya kugawa mali, kuwa isizunguke baina ya matajiri peke yao. Na Sura At-Tauba, aya ya 60, yataja makundi manane ya wanaostahili sadaka. Mafakiri na maskini wametangulizwa. Watumishi wanaoshughulika na mali hiyo wametajwa pia, maana kazi haiendi bila mtenda kazi. Lakini hawakuwekwa mbele ya mafakiri. Fikiri, ndugu msomaji: kamati inayomaliza nusu ya fungu kwa posho za vikao imeupindua mpango huo juu chini.

Tena, Nabii Yusuf a.s. alipoomba kusimamia hazina za Misri (Sura Yusuf, aya ya 56) alitaja sifa zake mbili: kwamba yeye ni mlinzi na ni mjuzi. Zote mbili zahitajiwa pamoja. Mlinzi asiye mjuzi haibi, lakini hugawa pasipostahili. Mjuzi asiye mlinzi huzijua njia zote, na zile za kuibia pia.

Mwaka wa 18 Hijria

Katika mwaka wa 18 Hijria, yapata mwaka 639, misiba miwili iliwafikia Waislamu. Bara Arabu ilipatwa na ukame mkali, hata mwaka ule ukaitwa Mwaka wa Majivu. Na huko Sham ikazuka tauni ya Amwas, iliyowaua Masahaba wakubwa, miongoni mwao Hadhrat Abu Ubaida r.a. na Hadhrat Muadh bin Jabal r.a.

Wenye njaa wakamiminika Madina. Hadhrat Umar r.a. aliwaandikia magavana wa majimbo walete chakula, na imepokewa kwamba Abu Ubaida r.a. alileta ngamia elfu nne waliobeba vyakula. Lakini tutazame zaidi jinsi kilivyogawiwa. Wanahistoria wanasimulia kuwa Khalifa aliamuru wanaokuja kula wahesabiwe, wakawa yapata elfu saba. Kisha akaamuru wahesabiwe wale wasiokuja, yaani wagonjwa, watoto na wasiojiweza. Wakawa yapata elfu arobaini. Chakula chao kikapelekwa walipo.

Hapa ndipo penye somo kubwa. Kama Hadhrat Umar r.a. angeishia kwenye hesabu ya kwanza, angeweza kusema kwa moyo mweupe kuwa amewalisha wote waliofika. Kumbe wahitaji wengi hawana nguvu hata za kufika. Katika ugonjwa wa kuambukiza jambo hili huzidi, kwa kuwa mgonjwa hatakiwi hata kutoka nyumbani.

Imepokewa vile vile kwamba mwaka ule hakutuma wakusanyaji wa zaka. Ukame ulipokwisha aliwatuma wachukue zaka ya miaka miwili, fungu moja wawagawie maskini wa huko huko na la pili walilete Madina. Naye mwenyewe aliacha samli na nyama mpaka watu wapate nafuu, akila mafuta, hata rangi yake ikabadilika. Aligawa akiwa ndani ya shida ya watu wake.

Mfano wa zama zetu

Ugonjwa wa korona ulipoenea, Marekani ilipitisha sheria tarehe 27 Machi 2020, iliyotenga dola bilioni 150 kwa ajili ya serikali za majimbo, miji na makabila ya wenyeji wa asili. Miji na wilaya zenye watu zaidi ya 500,000 ziliweza kupokea moja kwa moja. Ndogo zilitegemea kugawiwa na majimbo yao.

Fungu la makabila lilikuwa dola bilioni 8, na sheria ilitaka litolewe katika siku 30. Malipo ya kwanza yalianza Mei, muda ukiwa umekwisha pita. Tena hesabu ya watu ilichukuliwa kutoka katika takwimu za mpango wa nyumba, wala si katika daftari za makabila yenyewe. Kabila la Shawnee, lenye watu zaidi ya 3,000 katika daftari lake, likaonekana halina mtu hata mmoja, likapewa kiwango cha chini kabisa, dola 100,000. Walikwenda mahakamani, na Januari 2021 mahakama ya rufani ikaamua kwamba dai lao lastahili kusikilizwa.

Unaona, ndugu msomaji? Hatuna haja ya kusema kwamba aliyegawa alikuwa mwizi. Daftari lisilofaa latosha kumdhulumu mnyonge. Katika mgao mwingine wa mwaka 2021, miji mikubwa iligawiwa kwa kanuni iliyotazama pia umaskini na msongamano wa watu katika nyumba, si idadi peke yake. Na jambo hili li karibu zaidi na uadilifu.

Je, jirani asiye Mwislamu? Na ndugu yangu?

Mwenye kutafuta haki aweza kuuliza: je, Uislamu wafundisha kuwapa Waislamu tu? La, hasha! Imepokewa kwamba Hadhrat Umar r.a., akiwa safarini Sham, aliwapita Wakristo wenye ukoma, akaamuru wapewe katika sadaka na wawekewe chakula cha daima. Ugonjwa na uhitaji ndivyo vilivyokuwa hati yao.

Swali la pili ni gumu zaidi. Utakapoketi katika kamati, shangazi atakuja na kusema, "Mwanangu, wewe umo humo, mbona jina letu halimo?" Na wewe uliyeingia Uislamu juzi, pengine jamaa wamekwisha kukulaumu kwamba umewatupa, sasa utaongeza na hili? Jibu ni kwamba kuwasaidia jamaa ni wajibu, lakini kwa mali yako mwenyewe. Akistahili, aandikwe kwa kipimo kile kile, na wajumbe wengine ndio waamue. Asipostahili, mpe katika mfuko wako, hata kidogo. Hapo hutakuwa umekata undugu wala hutakuwa umekula amana.

Mwisho, wako wasemao kuwa tauni ni kadari, basi maandalizi ya nini? Hadhrat Umar r.a. aliporudi njiani asiingie penye tauni aliulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu. Akajibu kwamba anaikimbia kwenda kwenye kadari nyingine ya Mungu yule yule. Na Masihi Aliyeahidiwa a.s., katika kitabu chake Safina ya Nuhu cha mwaka 1902, ingawa yeye na waliomo nyumbani mwake walikuwa na ahadi makhsusi ya Mwenyezi Mungu, alianza kwa kuishukuru serikali iliyojitwika gharama kubwa za chanjo ya tauni kwa kuwahurumia raia. Kumbe fedha ya umma inayotumika kuokoa watu ni jambo la kushukuriwa, na anayeigawa kwa haki yumo katika ibada.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa walinzi na wajuzi wa kila tunachokabidhiwa, na atukumbushe wale wasioweza kufika mlangoni petu. Amin.