Saa ya Mkononi Kwenye Milima ya Uvira: Vidokezo 6

Ukitoka Songo, mtaa wa Uvira, kuelekea magharibi, Milima ya Mitumba haikupi muda wa kunyoosha miguu: unapanda papo hapo. Saa yenye dira, baromita na kipimajoto itakufaa sana safarini, mradi ujue inavyofanya kazi huku karibu na ikweta.

1. Irekebishe ukiwa ziwani. Saa hukadiria mwinuko kwa mgandamizo wa hewa. Kabla ya kuondoka ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, weka mita 775 hivi. Njiani, kila ukifika mahali ambapo mwinuko wake unajulikana, irekebishe tena.

2. Usibabaishwe na alasiri. Katika nchi za joto, mgandamizo hupanda hadi mnamo saa 4 asubuhi, kisha hushuka hadi mnamo saa 10 alasiri, hata siku ya jua kali. Umekaa tu unatafuna muhogo, saa inadai umepanda mita 20 au zaidi! Kengele ya dhoruba, inayotegemea kushuka kwa mgandamizo, nayo huweza kulia kwa kuwa tu unapanda mlima. Mawingu yanayorundikana yana habari za kuaminika zaidi.

3. Pima radi. Hesabu sekunde kati ya mwako na ngurumo, gawanya kwa 3: hizo ni kilomita. Sekunde zikiwa chini ya 30, shuka kutoka mgongoni mwa mlima, na usijibanze chini ya mti. Mkoa huu wa Kivu Kusini si wa mzaha: mwaka 2016 watafiti waliitaja Kabare, iliyo humu mkoani, kuwa ya pili duniani kwa wingi wa radi.

4. Ivue upime baridi. Joto la mkono huidanganya. Iweke kivulini nusu saa. Kila mita 1,000 joto hupungua nyuzi 6 hivi, na kilele cha Mlima Mohi katika milima hii kina mita 3,475. Beba sweta.

5. Wahi machweo. Saa itasema jua linazama karibu saa 12 jioni, lakini kwenye mteremko unaotazama ziwa, mlima hulificha mapema. Tafuta pa kulala kabla ya saa 11.

6. Uliza watu kwanza. Hakuna saa inayojua hali ya usalama njiani, wala mvua iliyonyesha juu ya mto. Mafuriko ya mto Mulongwe mjini Uvira ya Aprili 2020 yalishuka kutoka milimani. Maji yakigeuka tope na kubeba matawi, usivuke.