Matatizo ya mtaa wako ni soko: Funzo la maji ya Meru

KILA wiki tunasoma gazetini habari za matatizo yetu, tunasikitika, kisha gazeti lile lile tunafungia vitumbua. Hapa Arusha vijana wetu wakikutana baada ya swala ya Ijumaa mazungumzo huwa ni yale yale: ajira hakuna, mtaji hakuna, Serikali haitujali. Sikatai kwamba hali ni ngumu. Ninachosema ni kwamba habari ya tatizo iliyochapishwa gazetini, au iliyosomwa kwenye mkutano wa mtaa, ni taarifa ya soko. Kampuni kubwa hulipa watu ili kuipata taarifa kama hiyo. Sisi tunaletewa mlangoni na hatuitumii.

Nichukue habari moja tu ili tuelewane, nayo ni ya maji.

Mlima Meru ni volkano, na miamba yake ina madini ya floraidi ambayo huyeyuka katika chemchemi, visima na mito inayotoka huko. Wilayani Arumeru ipo hata kata inayoitwa Maji ya Chai, kwa sababu ya rangi ya mto wake. Lakini rangi si kipimo. Floraidi haionekani kwa macho, na maji meupe kabisa yanaweza kuwa nayo nyingi. Dalili tunazozijua ni meno ya kahawia ya watoto wetu, na inapozidi sana, mifupa iliyopinda. Kuchemsha hakusaidii kitu. Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki sufuriani, na kila lita iliyobaki inakuwa na floraidi zaidi kuliko mwanzo.

Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania mwaka 1974 iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa maji ya vijijini, baadaye ikashuka hadi 4, na mwaka 2018 ikafika hiyo 1.5.

Hebu isome tena sentensi hiyo ya mwisho kwa jicho la mfanyabiashara. Kisima chenye miligramu 3 kilikuwa ndani ya kiwango, na baada ya badiliko hilo kikawa nje. Mwenye shule ya bweni na mwenye nyumba ya wageni wanaotegemea kisima cha namna hiyo inabidi watafute dawa. Wateja hao hawakuletwa na tangazo la redio. Waliletwa na karatasi ya viwango, ambayo wengi wetu hatukuona sababu ya kuisoma.

Hata hivyo tusidanganyane, si kila tatizo ni biashara. Barabara ya mtaa ikiwa na mashimo wote tunalalamika, lakini hakuna jirani anayetoa fedha mfukoni kuyafukia. Swali la kwanza kwa hiyo ni hili: nani tayari analipa kwa sababu ya tatizo hili, na analipa kiasi gani? Kwenye maji jibu lipo wazi. Mama ananunua maji ya chupa kwa ajili ya mtoto. Mwingine anamlipa kijana wa mkokoteni alete maji kutoka mbali. Fedha inatoka kila siku, ila mara nyingi inanunua kitu ambacho hakitibu tatizo.

Aliyeliona hilo ni Dk. Askwar Hilonga, mhandisi wa kemia aliyezaliwa Karatu, mkoani humu humu, na kufundisha katika Taasisi ya Nelson Mandela iliyopo Tengeru. Alitengeneza chujio linalotumia mchanga pamoja na chembechembe ndogo sana zinazopangwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Mwaka 2015 lilimpatia Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi, yenye pauni 25,000 za Uingereza. Magazeti yaliandika sana juu ya tuzo hiyo. Kwangu mimi funzo kubwa liko kwenye mauzo: asiyeweza kununua chujio zima alifikiriwa pia, kwa kuwekewa vituo vinavyouza maji yaliyochujwa kwa lita.

Kijana wa Ngaramtoni au Usa River hahitaji shahada ya uzamivu kuendesha kituo cha namna hiyo. Anahitaji hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, nyumba 60 zinanunua ndoo ya lita 20 kila baada ya siku mbili. Hizo ni ndoo 30 kwa siku. Kwa Sh500 kila ndoo, mwezi unaingiza Sh450,000. Toa mhudumu 150,000, pango 50,000, maji na vifaa vya kuchujia 120,000. Zinabaki 130,000. Si utajiri, na mtu akikuahidi zaidi ya hapo muulize maswali mengi. Halafu kuna gharama ambayo wengi huiruka, yaani kupima maji maabara mara kwa mara, kwa sababu chujio huchoka. Anayeuza maji ambayo hajayapima anawapunja watu hata kama ndoo imejaa mpaka juu, na tunajua Suratul Mutaffifin imeshuka kuhusu nini.

Katika vifaa hivyo vya kuchujia ipo nafasi nyingine. Kituo cha utafiti cha Wizara ya Maji kilichopo Ngurdoto kwa miaka mingi kimeshughulika na mkaa wa mifupa, yaani mifupa ya wanyama iliyochomwa kwa hewa kidogo, ambayo hunasa floraidi. Muislamu ana haki ya kuuliza mfupa huo ni wa mnyama gani na alichinjwa vipi. Badala ya kuishia kwenye kuuliza, kwa nini tusiwe sisi wenye kukusanya mifupa ya ng'ombe kutoka bucha zetu, tukaandika imetoka wapi, tukawauzia wachomaji?

Gazeti pia hukuambia biashara itakufa lini. Mahakama ya Rwanda ilipokuwa hapa Arusha, wengi walipangisha nyumba kwa wafanyakazi wake kana kwamba ingekaa milele. Baraza la Usalama lilishatoa ratiba ya kuimaliza tangu mwaka 2003, na ikafungwa mwisho wa 2015. Ndivyo ilivyo kwa maji. Jiji lilipata mradi mkubwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Bomba lenye maji safi likifika mtaani kwako, kituo chako hakina kazi tena, na tuseme alhamdulillah kwa hilo. Basi fuatilia ramani ya mabomba kabla ya kulipa pango, uende ambako hayajafika.

Wapo watakaosikia haya wakakimbilia kununua maji yote wakati wa mgao ili wayauze kwa bei ya kuumiza. Hiyo ni ihtikari, imekatazwa, na jirani hasahau.

Kuhusu mtaji, halmashauri zinatakiwa kwa sheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa 2024. Nimewasikia ndugu zetu wakiikimbia kwa kudhani ni kama ya benki. Waende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata wakaulize masharti.

Na kwa asiyetaka mkopo kabisa, maji ya mvua karibu hayana floraidi, na miteremko ya Meru hupata mvua ya kutosha. Masika huanza Machi. Fundi wa gata na matangi anayetaka kazi aanze kuzunguka Januari, nyumba kwa nyumba, akiwa na daftari la vipimo vya mapaa.