Kutengeneza Kibao cha Mbao Chenye Kumbukumbu za Uvuvi

Nimekulia Nungwi, kaskazini mwa Unguja, kijiji cha wavuvi na mafundi wa vyombo. Babu alinifundisha kuvua kwa mshipi nikiwa mdogo, na vibao ninavyochonga leo vinatokana na miaka ile. Anayetaka kuanza namshauri atafute neno kabla ya kutafuta ubao.

Neno. Chagua neno lililosemwa kweli chomboni: jina la ngalawa yenu, jina la mwamba mlipotia nanga, au agizo la mkubwa wako. Samaki alipodonoa chambo, babu aliniambia, “Legeza, mwache ale.” Maneno hayo matatu yako juu ya mlango wetu wa jikoni. Methali nayo inafaa: “Hasira ya mkizi, furaha ya mvuvi.”

Ubao. Omba au nunua kipande cha chombo kilichochakaa. Ngalawa nyingi huchongwa kwa gogo la mwembe, mti unaomfaa anayejifunza. Mvule na msaji hudumu zaidi.

Kusafisha. Ng’oa misumari yote, maana mmoja uliovunjikia ndani unatosha kuharibu patasi. Loweka ubao katika maji ya bomba, ukiyabadilisha mara kwa mara, ili chumvi itoke. Kisha uanike kivulini juu ya vijiti, upepo upite pande zote. Jua kali huupinda na kuupasua. Rangi ya zamani huenda ina madini ya risasi, kwa hiyo ikwangue ikiwa imelowa, nje, umevaa barakoa, mbali na watoto. Ubao ukikauka, upige msasa namba 80, halafu 120. Alama nyeusi kuzunguka matundu ya misumari ziache, kwani ndizo zinazoonyesha kwamba ubao huu ulikuwa chombo.

Kuchonga. Chora herufi kwa penseli ukianzia katikati ya ubao, ili nafasi ya kushoto na kulia ilingane. Herufi za sentimita 5 zinasomeka vizuri kutoka upande wa pili wa baraza. Kata kwanza mstari wa katikati wa herufi, kisha chonga kwa mshazari kutoka kila upande mpaka mikato ikutane chini. Mfereji huo ndio unaoshika kivuli na kuifanya herufi ionekane. Mbao ikianza kubanduka vipande, geuza patasi uchonge kutoka upande wa pili. Herufi za mviringo hukata nyuzi za mti kila upande, hivyo noa patasi kwenye kinoo kabla ya kuzigusa.

Kumalizia. Paka rangi ndani ya herufi. Mimi hutumia buluu ya vyombo. Ikikauka, piga msasa juu, rangi ibaki mferejini tu. Pakaa mafuta ya kitani, na kitambaa ulichotumia kitandaze nje kikauke, kwa sababu kikikunjwa kinaweza kuwaka chenyewe. Kibao chepesi kining’inize kwa kamba ya usumba. Kizito kifunge kwa skrubu za chuma kisichoshika kutu.

Kama aliyekufundisha kuvua yu hai, mfuate wiki hii. Muulize majina ya miamba, ya vyombo na ya pepo, uyaandike kama anavyoyatamka yeye. Mbao utaipata hata mwakani. Mzee huyo usimngojeshe.