Homa ya Ini C: Jina Moja, Virusi Tofauti



Mwaka 2017, wagonjwa 300 wa homa ya ini C nchini Rwanda walianzishiwa dawa moja: sofosbuviri na ledipasviri, kidonge kimoja kwa siku kwa wiki 12. Walipona 261, alhamdulillah. Lakini kati ya 48 waliokuwa na virusi vya kundi dogo liitwalo 4r, walipona 27 tu. Dawa ni ileile, muda uleule. Tofauti ilikuwa kwenye virusi.

Virusi hivi hujinakili ovyo, kama mwanafunzi anayenakili notisi usiku wa mtihani bila kuzirudia. Makosa hayasahihishwi, yanarithiwa. Kwa karne nyingi yamezaa koo kuu nane, ziitwazo jenotaipu, na kila moja ina vikundi vyake. Jenotaipu 4, ambayo imeenea Misri na Afrika ya Kati, ndiyo yetu pia. Katika 4r, protini inayolengwa na ledipasviri ina umbo ambalo dawa hailishiki vizuri.

Ini nalo huathirika kwa namna tofauti. Jenotaipu 3 hujaza mafuta kwenye seli za ini, na makovu huongezeka haraka zaidi. Virusi vikiondolewa, mafuta hayo hupungua. Hata hivyo tusivitwishe virusi lawama zote. Pombe, homa ya ini B, VVU na umri huharakisha makovu. Na wingi wa virusi kwenye damu hauonyeshi ini limeharibika kiasi gani. Wengi hukosea hapa.

Tunaijua hadithi kwamba kila ugonjwa una dawa yake. Wengine huisoma kama ruhusa ya kukaa na kungoja, nami naisoma kama amri ya kutafuta. Wale ambao dawa ya kwanza iliwashinda Rwanda hawakuachwa: 40 walipewa mchanganyiko wa dawa tatu, na karibu wote walipona.

Ndugu yangu, dada yangu, ugonjwa huu hupita kwenye damu. Ukienda kupiga hijama, wembe mpya ufunguliwe mbele yako. Ukitibiwa, rudi wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho, uombe kipimo cha virusi vyenyewe. Kipimo cha haraka cha kingamwili hakitoshi, kwa kuwa hubaki chanya hata kwa aliyepona.