KUTU NI MWIZI WA KIMYA
Somo la kupaka rangi upya vyombo vya shamba na vya uwanja

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii watu huisema juu ya nyumba, lakini yafaa vilevile kwa plau, toroli, bomba la kunyunyizia dawa na mashine ya kukatia majani. Hapa Sigino, katika mji wa Babati, mvua za masika huisha mwezi wa Mei, na tangu Juni hata Oktoba nchi hukauka. Wengi wakisha kulima mahindi na mbaazi huliegemeza plau ukutani likiwa na udongo wake, wasiliangalie tena mpaka mvua zirudipo. Ndipo huona skrubu zimeganda na chuma kimeliwa. Miezi hiyo ya kiangazi ndiyo hasa wakati wa kazi hii.

KUTU NI NINI?

Chuma kikikutana na maji na hewa pamoja, hubadilika kikawa kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa; kwa hiyo ikizaliwa chini ya rangi huisukuma rangi juu mpaka ikabanduka, na maji hupata njia mpya. Chumvi huzidisha upesi wa kazi hiyo, na mbolea nyingi za viwandani ni chumvi. Basi toroli lililobeba mbolea na lioshwe siku ileile.

Mwalimu aweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hili kwa misumari mitatu isiyo na zinki. Wa kwanza asiupake kitu. Wa pili aupake rangi pande zote. Wa tatu aupake rangi, ikisha kukauka aukwaruze kwa kisu. Yote aifukie katika udongo wenye unyevu kwa majuma mawili. Msumari mtupu utashika kutu kote, na uliokwaruzwa utashika kutu mahali pa mkwaruzo. Hapo watoto watafahamu kwa nini alama ndogo haifai kudharauliwa.

KAZI YA CHUMA

Kwanza, ikiwa ni mashine yenye injini ya petroli, chomoa waya wa plagi kabla ya kugusa kisu chake. Pili, osha kwa maji na sabuni, ondoa grisi yote, maana rangi haishiki juu ya mafuta. Tatu, sugua kutu kwa brashi ya waya, kisha kwa msasa, mpaka chuma kionekane. Nne, futa vumbi, kausha, na siku hiyohiyo paka rangi ya msingi, ile nyekundu mafundi waiitayo redoksaidi. Tano, ikisha kukauka kama kopo lisemavyo, paka rangi ya mafuta mara mbili, kila mara nyembamba. Tabaka moja nene hukauka juu, na chini hubaki bichi.

Usianze alfajiri umande ungalipo, wala juani saa sita. Kaa mahali penye hewa, mbali na moto na sigara, kwa kuwa mvuke wa tina huwaka.

Usipake makali ya kisu, wala uso wa plau unaogeuza udongo. Udongo utaifuta rangi mara moja. Sehemu hizo zipake grisi kabla ya kuzihifadhi. Wala usipake mapezi ya injini yanayotoa joto. Bomba la moshi lataka rangi yake maalum isiyoungua.

KAZI YA PLASTIKI

Plastiki haishiki kutu, bali jua huipausha na kuifanya iwe rahisi kuvunjika. Nazo hazifanani. Kwangua kipande chembamba ukitie majini: kikielea, kwa kawaida ni namna ya polithini au jamaa yake, nayo rangi hubanduka juu yake kama ganda la kitunguu, isipokuwa kwanza imepakwa rangi ya msingi ya plastiki hiyo. Kikizama, mara nyingi rangi itashika. Osha kwa sabuni, kwaruza kidogo kwa msasa laini, paka nyembamba. Usisafishe kwa petroli au tina, maana huweza kuilainisha. Na katika bomba la dawa, usifunike kamwe mistari ya kipimo wala maandishi ya hatari.

MAMBO MAWILI YA KUHADHARI

La kwanza ni rangi ya zamani. Rangi nyingi za kale zilitiwa madini ya risasi, ambayo ni sumu. Hata mwaka 1921 mataifa yalifanya mkataba katika Shirika la Kazi la Kimataifa wa kuzuia rangi nyeupe ya risasi ndani ya majengo. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi cha risasi kijulikanacho kuwa salama, nao watoto huumia zaidi. Basi chombo cha zamani usikikwangue kikavu wala kukiunguza rangi yake. Kilowanishe, sugua kwa msasa wa maji, kusanya uchafu wote, na watoto wakae mbali.

La pili ni ufa. Mashine ya kukatia majani, tangu Mwingereza Edwin Budding alipoibuni mwaka 1830, imebadilika sana; nyingi za leo zina kisu kizungukacho kwa nguvu, kiwezacho kurusha jiwe likavunja mguu wa mtu. Kifuniko chake ndicho ngao. Kikiwa kimepasuka au kimeliwa na kutu hata kutoboka, rangi itauficha ufa, haitauziba. Kitengenezwe au kibadilishwe kwanza, ndipo kipakwe. Anayepaka rangi juu ya ufa ili auze, humwuzia mwenziwe hatari iliyovikwa nguo mpya.

Kwa hiyo enyi walimu na viongozi wa mitaa, kabla ya mvua za Novemba, vyombo vya shule na vya vikundi vitolewe nje, vikaguliwe kimoja kimoja, na hali ya kila kimoja iandikwe daftarini. Kopo moja la rangi ni bei ndogo kuliko plau jipya.