SOMO: MABOMBA YA BOILA LA MAJI MOTO NYUMBANI

Mtu asiyefahamu mambo ya nyumbani huweza kusema kuwa katika mji wenye joto kama Dar es Salaam maji moto ni anasa ya watu wa Arusha na Mbeya. Usemi huo haumfai mama aliyejifungua, ambaye desturi ya pwani yataka akandwe kwa maji moto. Wala haumfai mzee mwenye baridi yabisi, wala mtoto mchanga anayeogeshwa alfajiri ya mwezi wa Julai. Kwa sababu hiyo boila la umeme si kitu kigeni tena katika nyumba za wanachama wa Kinondoni na Temeke, na mara nyingi hununuliwa kwa fedha za mkopo wa chama. Kasoro iliyopo ni kwamba boila lenyewe huchaguliwa kwa makini, bei ikalinganishwa duka kwa duka, kisha mabomba yake huachiwa fundi ayapange apendavyo.

Zamani, katika nyumba za mashambani, maji yalichemshwa ndani ya pipa lililojengewa tanuri la matofali nje ya nyumba na kukokewa kuni. Chombo hicho hata leo hutumika katika baadhi ya kambi za watalii, nacho huitwa boila la Tanganyika. Kilikuwa duni kwa sura, lakini kikipangwa vizuri kilikuwa na sifa moja kubwa: bomba la kupumulia, lililosimama wazi juu yake, ambamo mvuke ulipata njia ya kutokea. Boila la leo, jeupe na la kupendeza, limefungwa pande zote. Kila anayelifunga hana budi kujiuliza kwanza: maji yatakapotanuka, yatakwenda wapi?

Maana maji yakipashwa moto hutanuka. Yakitoka katika joto la 27 la sentigredi kufika 65, ujazo wake huongezeka kwa karibu asilimia moja na nusu. Katika boila la lita 80, ongezeko hilo ni zaidi ya lita moja. Maji hayabonyei kama hewa. Yasipopata nafasi husukuma kuta za chombo kwa nguvu kubwa. Ndipo ilipo kazi ya valvu ndogo ya usalama ifungwayo kwenye bomba la maji baridi, chini ya boila. Valvu hiyo huzuia maji moto yasirudi nyuma, na pia ina kitundu cha kudondoshea maji yaliyozidi.

Kitundu hicho ndicho chanzo cha makosa mengi. Mwenye nyumba huona matone, hudhani boila linavuja, humwita fundi. Naye fundi, ili asilaumiwe, hukiziba kwa kizibo na tepu. Siku hiyo hakuna linaloonekana kuharibika, na fundi hulipwa kwa shukrani. Lakini kifaa cha kukata umeme maji yafikapo joto lililowekwa kikija kufa, umeme utaendelea kuchemsha bila kikomo. Chini ya shinikizo maji huweza kupita joto la 100 bila kugeuka mvuke. Chombo kikipasuka, sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke mara moja, na mvuke huchukua nafasi iliyo kubwa mara 1,600 hivi kuliko ya maji. Ukuta wa tofali hauwezi kuzuia nguvu ya namna hiyo. Kwa hiyo kitundu kisizibwe kamwe. Kiungwe bomba dogo litakaloteremka bila kupanda popote, bila koki, mpaka nje mahali panapoonekana, wala si mahali pa kupita watoto. Matone wakati maji yanapashwa moto ni dalili ya uzima. Yakitoka mfululizo usiku na mchana hata umeme ukiwa umezimwa, hapo ndipo fundi aitwe, naye abadilishe valvu.

Jambo la pili ni la mji huu hasa. Mtambo wa Ruvu Juu ulianza mwaka 1959 na ule wa Ruvu Chini mwaka 1976. Yote imepanuliwa, hata hivyo mgao wa mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua, uliwakumbusha wakazi kuwa bomba la mtaani huweza kukauka. Boila lililoungwa moja kwa moja na bomba hilo bila valvu ya kuzuia maji kurudi huweza kunyonywa maji yake pale mtaa unapokauka na koki ya chini ikafunguliwa. Mwenye nyumba huwasha umeme asubuhi bila kujua, na chuma cha kupashia moto huungua katika chombo kitupu. Njia iliyo bora ni boila kupata maji kutoka tangi lililo juu, kwa bomba lake peke yake, lisilopungua robo tatu ya inchi.

Na tangi hilo liwe juu kweli. Kila mita kumi za kimo huleta takriban kipimo kimoja cha shinikizo, yaani bar moja. Tangi lililo mita moja tu juu ya bomba la mvua litatoa sehemu ya kumi ya kipimo hicho, na viwiko vingi vya nusu inchi vitamaliza kilichobaki. Tena maji baridi ya bafuni yatoke katika tangi lile lile linalolisha boila. Pale ambapo baridi hutoka kwenye pampu na moto kwenye tangi, lenye nguvu humsukuma mnyonge, na maji baridi huingia katika bomba la moto.

Mahali ambapo boila limetengenezwa kwa mpango wa wazi, bomba la kupumulia litoke juu yake, lipande bila kushuka popote mpaka juu ya tangi, kisha liinamie mdomo wa tangi. Kanuni ya mafundi ni kupandisha bomba hilo sentimita 15 juu ya usawa wa maji ya tangi, pamoja na sentimita 4 kwa kila mita ya kimo cha maji. Kimo kikiwa mita 4, jumla ni sentimita 31. Koki isiwekwe juu ya bomba hilo kwa sababu yoyote.

Kuhusu aina ya bomba, plastiki ya kawaida ya maji baridi hulegea joto likikaribia 60. Kwa maji moto hutumika bomba la chuma lililopakwa zinki, au lile la PPR linalounganishwa kwa kuyeyushwa, lenye alama ya PN 20. Penye maji ya kisima yenye chumvi, kama ilivyo sehemu nyingi zilizo karibu na bahari, chuma huliwa upesi. Hapo PPR ni afadhali, na kijiti cha magnesi kilichomo ndani ya boila kikaguliwe kila mwaka.

Wanaopendelea jua wazingatie kuwa katika mpango usio na pampu, chini ya tangi la maji moto pawe juu ya kichwa cha paneli kwa sentimita 30 au zaidi, la sivyo usiku maji hugeuza njia na kupoa. Paneli ielekee kaskazini.

Katibu ana sehemu yake katika kazi hii. Lita 100 kupashwa kutoka 27 hadi 60 hula karibu uniti 4 za umeme, na mwanachama aelezwe hivyo kabla ya kukopa. Mkataba na fundi utaje aina ya bomba, valvu ya usalama na waya wa ardhini, na waya ufungwe na fundi umeme mwenye leseni. Sehemu ya malipo ya fundi ibakizwe hadi boila lijazwe, liwashwe, na mjumbe wa kamati ayaone kwa macho yake matone yakitoka kwenye kitundu. Jambo hili laweza kuonekana dogo mno kuandikwa katika kumbukumbu za kikao. Liandikwe.

Maswali ya kujadiliwa vikundini:

Ni nyumba ngapi za wanachama wenu ambazo boila limeungwa moja kwa moja na bomba la mtaani?

Mwanachama amekwisha kuziba kitundu cha valvu, na anasema boila limefanya kazi miaka miwili bila tatizo. Kamati imjibu nini?

Je, chama kinunue valvu na bomba kwa jumla, au kila mwanachama ajinunulie? Ni nani atakayekagua alama za bomba kabla ya malipo?