SOMO: Minyororo Haikumponya
Soma: Marko 5:1–20



Yule mtu wa makaburini alifungwa minyororo mara nyingi, akaikata. Yesu hakuongeza mnyororo mwingine. Alisema naye, akamwuliza jina. Alipopona, akamrudisha kwa watu wa nyumbani kwake.

Hapa Mantapala, kambi iliyofunguliwa mwaka 2018, tunao ndugu waliovuka kutoka Kongo na akili zimevurugika kwa vita. Kwa aibu tunawaficha, au tunawafunga kamba tukingoja maombi. Hali ikizidi, wanabebwa kwa nguvu na kuhojiwa kwa lugha wasiyoielewa. Si sisi tu: huko Uingereza watu weusi hulazwa kwa lazima zaidi ya mara tatu kuliko wazungu.

Zambia ilitunga Sheria ya Afya ya Akili mwaka 2019, ikafuta ile ya kikoloni. Inamtambua mgonjwa kuwa mtu mwenye haki na heshima. Basi tufanye hivi:

1. Tumpeleke kliniki mapema, kabla ya kufikia kupelekwa Chainama, kule mbali Lusaka.
2. Aende naye mtu anayejua Kibemba au Kiingereza, atafsiri maneno ya mgonjwa, siyo ya jamaa.
3. Akilazwa bila kukubali, tuulize sababu, tumtembelee, na akirudi tumpokee.

Maombi na dawa havigombani.

Swali la kujadili nyumbani: Ni nani kati yetu tunamwita "kichaa", tukasahau jina lake?